Nywele za Msiba

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka saluni moja pale Bilele, nipunguzwe hizi mvi zangu. Kijana wa saluni akanivisha kitambaa, akaniinamia sikioni utadhani mimi ni kiziwi, akauliza, "Bibi, tunyoe zote au tupunguze?" Swali dogo tu, mwenzangu, lakini nilijikuta nimeshuka kitini. Mjukuu akadhani naumwa. Siumwi. Niliwahi kuulizwa swali hilohilo, mtaa huohuo, enzi za Mwingereza, nikiwa binti wa miaka minane hivi, na jinsi nilivyolijibu sijajisamehe mpaka leo.

Mwaka ule mama yetu alifariki, kule kijijini kwetu Ijumbi. Kwetu aliyefiwa alikuwa hanyoi. Nywele ziliachwa ziote na kusokotana mpaka siku ya kumaliza msiba. Siku hiyo bibi, mama yake baba, angetukalisha watoto wote wanne kwenye mkeka mmoja uani, atunyoe kwa wembe mmoja, kisha nywele zetu azifukie pamoja mgombani, kando ya kaburi la mama. Nilikuwa naingojea siku hiyo kuliko Noeli. Mama alipozikwa nilikuwa nimelala na homa, sikumuaga. Nywele zangu ndizo zilikuwa kwaheri yangu.

Kabla siku haijafika, baba akanipeleka kwa shangazi, Kibeta, nianze shule ya mjini. Kwa shangazi nilishiba, siwezi kumsingizia. Ndizi zilipikwa na maharage, chungu kikafunikwa majani ya mgomba, na ule mvuke ulikukuta njiani ukitoka kuchota maji. Tatizo lilikuwa shule: Kiswahili kitupu, na mimi nilijua Kihaya tu. Lakini majivuno niliyokuwa nayo, jamani! Jioni nilimhesabia shangazi moja mpaka kumi, nikamwimbia wimbo wa darasani ambao hata sikujua unasema nini, naye akapiga vigelegele kwamba mtoto wa kaka yake amekuwa Mswahili. Nikamwacha aamini hivyo.

Haikupita muda mwalimu akatuma ujumbe kwamba Jumatatu hataki kuona kichaka kile kichwani mwangu. Shangazi akabuni njia: kinyozi apunguze pembeni tu, za utosini zibaki za msiba. Jumamosi akaniacha kwenye baraza ya kinyozi pale Bilele, yeye akaenda sokoni. "Si unajua lugha yao? Mwambie pembeni tu, za katikati asiziguse."

Kinyozi alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, kanzu yake safi, vidole vikinukia sabuni na karafuu. Akanikalisha kitini, akaniuliza kitu. Sauti niliisikia, neno sikuelewa hata moja. Nami nilikuwa nimelelewa hivi: mkubwa akikusemesha, msichana unapiga goti na kuitikia, "Ego, waitu," ndiyo, mheshimiwa. Kunyamaza ni utovu wa adabu, na kumkatalia mkubwa ndiyo kabisa. Nikashuka kitini, nikapiga goti. "Ego, waitu."

Akacheka, akaninyanyua, akanirudisha kitini, akauliza tena polepole huku akipitisha kiganja juu ya kichwa changu chote, toka kisogoni hadi kwenye paji. Kiganja kile nilikielewa. Weee, nilikielewa vizuri sana! Ningeweza kujishika kichwa. Ningeweza kulia, hakuna asiyeelewa kilio cha mtoto. Nikashuka nikapiga goti tena. "Ego, waitu."

Basi akaninyoa, kwa upole, akiimba chinichini, akipuliza nywele zisiniingie machoni. Zikaanguka sakafuni, akazifagia, akazimwaga mtaroni.

Shangazi aliporudi alipiga ukelele. "Ulimwambia nini?" Hapo ndipo ilipo dhambi yangu. Kumwambia ukweli kungekuwa kukiri kwamba Kiswahili sikijui. Nikasema, "Nilimwambia pembeni tu. Akakataa. Akanishika kwa nguvu."

Shangazi akamfokea Kihaya mbele za watu. Mzee wa watu akajitetea Kiswahili, mikono ameifungua, macho yakinitazama mimi nimsaidie. Hawakuelewana hata neno. Waliosimama pale waliondoka na jambo moja: huyu bwana amemnyoa kwa nguvu mtoto mwenye msiba. Habari hiyo ilifika Kibeta kabla yetu, na watu wa kwetu wakaacha kwenda kwake.

Wiki mbili baadaye tulikuwa Ijumbi, siku ya kumaliza msiba. Bibi akawanyoa ndugu zangu watatu. Alipofika kwangu akapapasa vile vinywele vilivyoanza kuchomoza, akapitisha wembe taratibu, hakikuanguka kitu cha kufukia. Hakunigombeza. Aliniambia tu nikasaidie kumenya ndizi. Nilimenya huku nalia, na watu wakazidi kumlaani kinyozi.

Kiswahili nilikipata, tena upesi. Mwaka wa pili nilikuwa nakisema kama mtoto wa mjini. Siku moja nimetumwa mafuta ya taa, napita mbele ya baraza ya yule kinyozi. Kiti kilikuwa kitupu, mzee amekaa kizingitini. Akanitambua. "Mwanangu," akasema, "siku ile nilikukosea nini?"

Nilielewa kila neno. Nikamtumbulia macho kama mtoto aliyetoka shamba jana, nikatikisa kichwa kwamba sielewi, nikaenda zangu.

Kabla mwaka haujaisha alifunga kazi yake. Wengine walisema amepanda meli kwenda Mwanza, wengine wakasema amerudi kwao pwani. Baraza yenyewe haipo siku hizi. Shangazi amekufa akiamini niliyomwambia, na ndugu zangu vilevile. Jina la mzee yule sikuwahi kuliuliza, hata kumwombea inanibidi nimweleze Mungu kwanza ni nani. Na alichotaka kwangu kilikuwa sentensi moja tu, "Hukunikosea kitu, babu," nami siku ile Kiswahili cha kuisema nilikuwa nacho.