Wimbo wa Lazima wa Loyce

"Umeniua, Loyce. Umeniua mimi, umeua na wajukuu ambao hata hawajazaliwa." Mwalimu wetu wa kwaya, Gerald, huyo, analalamika nje ya kanisa pale Korogwe, jasho linamtiririka. Kwaya yetu ilikuwa imetoka kushika mkia kwenye mashindano.

"Pole, Mwalimu," Loyce akasema. "Ila naona unapumua."

Loyce ni mtoto wa Ngombezi, kwenye kambi za mkonge. Leo anafundisha nadharia ya muziki chuo kikuu Dar, na jioni anaimba alto kwenye kwaya kubwa za huko. Lakini alianzia kwa Gerald. Akiwa binti wa sekondari, alinyoosha mkono mazoezini: "Mwalimu, hapo siyo fa. Inapanda kidogo, ni fi." Ikawa kosa. Jumapili, kanisa limejaa, Gerald akamvua joho la kwaya mbele ya watu, akamwambia akawaimbie mbuzi. Mama yake aliinamisha kichwa mpaka ibada ikaisha.

Loyce akahamia kwa shangazi yake, Kwamsisi, akaimba huko, akasoma, akapanda. Kila likizo anakuja, anampa Gerald shikamoo ya adabu kabisa. Tukasema mtoto kasamehe. Akili zetu hizo.

Mwaka huu kamati ya mashindano ikamwomba atunge wimbo wa lazima, ule ambao kila kwaya inauimba. Akatunga kitu kitamu, na katikati, kwenye alto, akaiweka ile fi yake. Sasa sisi nyimbo tunajifunza kwa kusikiliza rekodi kwenye simu. Loyce akakataa kurekodi. "Nota zipo," akasema. Wenzetu wa Handeni wakatafuta mtu wa kuwasomea. Gerald aombe msaada, yeye? Akatufundisha fa. Siku yenyewe, tulipofika hapo, alto wakaenda na fa yao, besi tukabaki kwetu, sauti zikagongana, majaji wakatazamana. Loyce yuko benchi la mbele, katulia kama mtu aliyeletewa chai.

"Ulinitegea," Gerald akasema pale nje, sauti sasa imeshuka. "Wazee wa kanisa wamekaa humo ndani, wananitoa ualimu. Hii kwaya ndiyo maisha yangu. Waambie tu wimbo ulikuwa mgumu. Neno moja, mwanangu. Wewe watakusikiliza."

Loyce akajitanda kanga yake vizuri mabegani, akashika njia ya stendi.

"Loyce. Si nakusemesha?"

Hata shingo hakugeuza.