Kamba wa Mzee Lindsay

Mama mkwe wangu, Gwenda Pascoe, hajawahi kukanyaga Uingereza. Alizaliwa hapa hapa kwenye miwa, kaskazini mwa Queensland, ambako Desemba hata mijusi hutafuta kivuli. Lakini ukimsikia akizungumzia Krismasi utadhani ameteremka melini jana, theluji bado iko mabegani. Bibi yake ndiye aliyetoka huko, basi na sisi sote tuokwe kwa ajili ya bibi huyo.

Miaka ishirini na sita nimeolewa na mwanawe Trevor, na utaratibu wa Gwenda haujabadilika hata kijiko. Alfajiri anawasha oveni. Batamzinga anaingia, viazi vinaingia, nyumba nzima inageuka tanuri. Saa saba mchana anapiga kengele ya shaba, tunapanda juu, tunaketi kumi na wawili mezani, kila mmoja na taji la karatasi kichwani, jasho likituteremshia rangi ya karatasi mpaka kwenye nyusi. Madirisha hufungwa kwa sababu ya nzi. Feni huzimwa kwa sababu inapoza mchuzi. Wanawe watatu, majitu yanayoendesha mashine za kuvuna miwa, hula kimya kama watoto wa chekechea. Wanaume suruali, Trevor wangu akiwemo.

Na nyumba zetu ziko juu ya nguzo. Chini kuna uvungu wa kusimama mtu mzima, wenye sakafu ya saruji, upepo na friji ya bia. Mji mzima unakula Krismasi huko chini, miguu peku: nyama ya baridi, maembe, na kamba wa baharini waliochemshwa wakapozwa kwenye barafu. Gwenda husema wanaokula chini ya nyumba ni watu wasiolelewa.

Aliyetaka kula chini ni mumewe. Mzee Lindsay alikuwa na moyo mbovu, na daktari alishawaambia wazi kwamba Krismasi ile huenda ikawa ya mwisho. Mwanzoni mwa Desemba alimwambia mkewe, mbele yangu, kwamba mwaka huu angependa kula kamba uvunguni pamoja na wanawe, kama walivyokula kwao alipokuwa mtoto. Hakuomba kingine. Gwenda hakuinua hata macho kutoka kwenye orodha yake ya sokoni.

“Kamba si chakula cha Krismasi, Lindsay,” alisema. “Utakula kama walivyokula wazee wetu.”

Usiku ule nilimwambia Trevor aseme neno. Akanijibu kwamba mama ndivyo alivyo. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Basi mzee akajitafutia mwenyewe. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne aliendesha gari mpaka gatini, akapanga foleni na watu wote wa mji, akarudi na kilo tatu ndani ya sanduku la barafu. Alilificha chini ya nyumba, nyuma ya mashine ya kufulia, kisha akaniita nikaone. Aliniambia kesho wenzetu wakianza kula pudini mimi na yeye tutateleza chini, na wanawe wakisikia bia zinafunguliwa watatufuata. Alicheka mpaka akakosa pumzi.

Gwenda aliliona sanduku alipokwenda kufua vitambaa vya meza. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemheshimu kidogo. Aliwamimina kamba wote kwenye pipa la taka, akafunika, akaosha sanduku akalirudisha pale pale likiwa tupu. Mzee alilifungua jioni akitaka kuongeza barafu. Nilipomuuliza Gwenda, alinijibu kwa macho makavu kwamba amemwokoa mumewe na tumbo la kuhara.

Sasa, hapa kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba kamba hatupwi pipani, hata ganda lake, mpaka asubuhi ya gari la taka. Unayafunga maganda, unayaweka kwenye friza, hata wiki nzima. Gwenda hakuwahi kumruhusu kamba aingie nyumbani kwake, kwa hiyo hakujua. Gari la taka lingepita tarehe ishirini na tisa. Na pipa lilisimama moja kwa moja chini ya chumba cha kulia, ambako mbao za sakafu zina nyufa za kupitisha kisu.

Siku ya Krismasi joto lilifika nyuzi thelathini na nane. Kengele ililia, tukapanda, na kabla hatujapitishiana viazi uvundo ulikuwa umeshaketi nasi. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, lakini huyu hata sikukuu haikumfaa. Shemeji yangu mmoja aliziba pua kwa leso na kuuliza kama kuna mnyama aliyefia uvunguni.

“Mimi sisikii harufu yoyote,” Gwenda alisema. “Nani anataka paja?”

Akajitia hamnazo, taji la kijani limemkaa upande, nzi wanapenya sakafuni. Na majitu yale matatu, nasema kweli tupu, yalinyoosha sahani.

Mzee Lindsay alikula kipande kimoja. Kisha akaweka uma chini, akasimama polepole akishikilia meza.

“Gwen,” alisema, “huo uvundo usiousikia ni chakula changu.”

Akashuka ngazi. Nikamfuata bila kumtazama Trevor. Uvunguni hapakukalika, kwa hiyo tulivuka ua mpaka kwa majirani, akina Torrisi, Waitaliano waliokuwa mezani chini ya nyumba yao. Mama Torrisi hakuuliza swali. Harufu ilikuwa imeshamfikia. Alisogeza kiti, akamwekea mzee sahani ya kamba. Mzee alimenya kumi na saba. Kila alipong'oa kichwa aliangalia upande wa nyumba yetu.

“Watakuja, mwanangu,” aliniambia. “Wanamalizia pudini.”

Hawakuja. Alifariki mwezi wa Machi.

Krismasi iliyofuata Gwenda alipiga kengele kama kawaida. Mahali pa mzee alikuwa ameweka sahani iliyojaa: batamzinga, viazi, mchuzi wa moto, na taji la karatasi kando yake. Alifuta macho akatuambia kwamba Lindsay aliipenda mno Krismasi yetu ya jadi. Trevor akatikisa kichwa kukubali, na ndugu zake vivyo hivyo.

Niliitazama sahani ile ikitoa mvuke. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu la mwaka mzima. Kisha rangi nyekundu ikanidondoka usoni mpaka kwenye kitambaa cha meza, nikakumbuka kwamba hata mimi nimevaa taji langu.