Kamera Iliyowekwa Darini

Duka lile sasa linauza makava ya simu. Nilipita mbele yake wiki iliyopita nikielekea stendi ya Moshi. Mlango ni uleule wa mbao za kukunja, ila harufu ya dawa za kusafishia picha haipo tena. Mwenye duka naye amelala makaburini pamoja na Waislamu wenzake, Mungu amrehemu.

Alikuwa mzee wa mjini. Alirithi duka kwa baba yake, akaendelea kutengeneza na kuuza kamera za mkanda hata baada ya watu kuhamia kwenye simu. Wateja wake wa mwisho walikuwa watalii wachache, na mimi, katekista wa kigango cha mlimani, niliyeachiwa kamera na padri mgeni aliporudi kwao. Kila nikimwamkia shikamoo, alijibu, "Marahaba, mwalimu. Umeniletea soksi nyeupe tena?" Mikanda yangu yote ilijaa watoto wa komunyo ya kwanza na soksi zao nyeupe.

Mama yangu hakupenda kupigwa picha. Wajukuu walipomwelekezea simu aligeuka, au alivuta khanga usoni. "Pigeni migomba," alisema, "yenyewe haina makunyanzi." Lakini Jumapili moja baada ya Pasaka, bila kubembelezwa na mtu, alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko akaniambia, "Haya, lete ile ya padri. Mara moja tu." Nikapiga mara moja. Mkanda ulikuwa haujaisha, nikaona nisubiri komunyo ndipo niupeleke mjini.

Masika huku kwetu ukungu huota hata kwenye viatu. Mama hakutaka picha yake ioze. Akaifunga kamera kwenye kitambaa, akaipandisha darini, juu ya mafiga, mahali alipotunza mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde. Kwa mbegu hakuwahi kukosea. Alimwambia mdogo wangu wa kike peke yake, nami nikaendelea kudhani kamera iko kabatini.

Alifariki kabla ya komunyo, usingizini, akiwa amepokea sakramenti. Nashukuru kwa hilo hadi leo.

Kwetu picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza hadi kaburini, kihambani kwake, kwenye shamba la migomba la ukoo. Tulipekua simu za ukoo mzima tukapata khanga, mgongo na migomba mingi. Uso wake haukuwemo hata kwenye simu moja. Ulibaki ndani ya kamera tu, na ndugu wa Dar walikuwa njiani kuja kuzika.

Nilifungua kabati nikalikuta tupu; ndipo mdogo wangu aliponiambia, akapanda darini. Tukashuka mjini asubuhi ileile.

Mzee aliipokea kamera, akaisogeza puani.

"Mwalimu, hii mmeipika?"

"Ilikuwa darini, mzee. Pamoja na mbegu."

"Nyie watu wa mlimani! Ndizi mnakausha, mahindi mnakausha, sasa na kamera?" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona nguo nyeusi za mdogo wangu, akaishusha kamera. Nikamweleza. Akasema, "Poleni sana," akageuza kibao cha mlangoni duka likawa limefungwa, akaingia chumba cha giza. Alitoka mara moja tu, kuswali adhuhuri. Nami nilikuwa kwenye benchi na rozari yangu.

Joto lilikuwa limeharibu sehemu kubwa ya mkanda. Picha ya mama ilitoka, lakini kama iliyopigwa nyuma ya pazia. Kilemba kilionekana, shavu, mdomo unaotaka kucheka, na jicho moja. Upande wa pili ulikuwa weupe mtupu.

"Mzee wangu, huwezi kuiongezea jicho la pili?" mdogo wangu aliuliza.

"Naweza. Baba alinifundisha kuchora kwa penseli. Nimewarudishia mabwana harusi wengi nywele zao. Lakini mama yenu sikumwona hata siku moja. Nichore jicho la nani?"

"Langu. Wanasema nimefanana naye."

Alimtazama vizuri. "Mwanangu, wewe umelia tangu jana. Nikichora lako, utamzika na macho mekundu." Akanigeukia. "Mwalimu, sema wewe."

Nikasema iachwe kama ilivyo. Mdogo wangu akachukua picha, na kwenye gari la kurudi akakaa kiti cha mbali nami. Kamera tuliiacha pale, kwa kuwa lenzi ilishakuwa ya njano. Iliwekwa dirishani, na baadaye nilisikia kwamba mtalii akiuliza bei, mzee alimnusisha moshi kwanza.

Siku ya maziko mzee alipanda mlimani kuzika nasi. Picha ilipopitishwa, baadhi ya watu waliikazia macho na kunong'onezana. Mdogo wangu ndiye aliyeibeba. Mzee akamwinamia bibi jirani aliyesimama karibu naye. "Ndiye?" akauliza.

"Ndiye hasa," yule bibi akajibu kwa sauti, kwa kuwa hasikii vizuri. "Ukiingia jikoni kwake unasikia kwanza 'karibu'. Yeye unakuja kumwona baadaye, moshi ukipungua."

Mdogo wangu alimsikia. Akaipangusa picha kwa ncha ya khanga, akaiinua juu zaidi, na msafara ukaendelea kati ya migomba.

Ameitundika jikoni kwake. Sebuleni, anasema, mama asingekaa.