Ladu Zisizoonjwa

Dereva alimshusha Bakiri kwenye robot ya tatu, taa za barabarani, baada ya Fordsburg, Johannesburg, akamnyooshea kidole upande wa Mayfair, taa ikageuka kijani, huyo akaondoka. Bakiri alikuwa amelala katika miji mingi na kugombana na madereva kwa lugha sita, lakini mtaa huu hakuujua. Alipita maduka ya Wasomali, akapita msikiti, akauliza mara mbili, hatimaye akabisha geti la nyumba alimokodi chumba cha uani kwa simu.

Aliyemfungulia alikuwa mwanamke mrefu, aproni yake imejaa unga wa dengu.

"Ingia upesi, kaka. Nimeepua karai, unga unapoa. Ukiwa vuguvugu ndiyo natia sukari."

Kiswahili cha Bukavu! Mwanamke yule, Marcelline, alimwonyesha chumba, bomba na choo bila hata kusimama, kisha akamwita jikoni achukue ufunguo.

Jikoni walimkuta mwenye nyumba, Hansaben, simu sikioni, mfuko wa sukari mkononi, mtupu. Wageni wake walikuwa wengi, Diwali ilikuwa kesho kutwa, na subira hakuwa nayo. Sukari yote alikuwa ameimwaga kwenye unga wa moto. Kazi ya saa nzima ya kukaanga kwa samli, moto mdogo, mwiko hautulii, ilikuwa imelegea kama uji wa mgonjwa. Ladu, tamutamu za mviringo, hazifinyangwi kwa uji.

"Madam! Si ulikuwa wa moto bado?" Marcelline alimaka.

Hansaben aliwapa mgongo, akaendelea na simu kwa Kigujarati. Hakujua kwamba Bakiri alikulia nyuma ya duka la Mgujarati kule Unguja. Bakiri alisikia kila neno. Hansaben alikuwa akimwambia dada yake kwamba ladu zimeharibika kwa sababu Mkongo amelamba mwiko, na kwamba watu hawa hawawezi kupika bila kula. Dada awaambie na wengine.

"Anasema nini?" Marcelline aliuliza.

Bakiri angeweza kusema hajui. Alimwambia, neno kwa neno.

Tuhuma ile haikuwa ndogo. Ladu za Diwali hutangulizwa mbele ya miungu kwanza, na anayezipika haonji, hata kwa ncha ya ulimi. Hivyo ndivyo Ba, mama mkwe wa Hansaben, alivyomfundisha Marcelline mwaka 2010, alipokuja hapa kufua nguo bila kujua hata neno moja la Kiingereza. Ba alimshika kichwa, akamwinamisha juu ya karai: nusa. Harufu ya ubichi ikiisha, ikaja ya karanga, unga umeiva. Miaka saba Marcelline alipika kwa pua. Nyumba nne za mitaa ile zilimgombania kila Oktoba. Neno lile likienea, hakuna mlango ambao ungefunguliwa tena.

"Mimi?" Marcelline alisema kwa Kiingereza. "Mimi nilambe? Ba alikuwa ananipa zangu baada ya taa za Diwali kuwashwa. Tangu afe, huyu hajanipa hata moja! Utamu wake nimeshausahau!"

"Nani amekwambia..." Hansaben alianza, kisha akamtazama Bakiri.

"Alikuwa nami uani, ben," Bakiri alimwambia kwa Kigujarati, akimwita dada kwa heshima. "Karai tuliliacha na wewe."

"Wewe ni mpangaji! Hata begi hujafungua!"

"Basi mpigie dada yako kwa video," Marcelline alisema. "Sasa hivi. Anione."

Dada mtu, ambaye bado alikuwa hewani na alisikia yote, alikata, akapiga mwenyewe kwa video. Marcelline aliiegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai. Akavua kitambaa cha kichwani, akajifunga mdomo kwa mafundo mawili, pua akaiacha wazi. Akachukua karai jingine, unga mpya na mfuko mwingine wa sukari.

Alikaanga dakika arobaini. Mwiko uligonga karai kana kwamba una ugomvi nalo. Hansaben alivuta kiti, akakisukuma, akapanga vikombe vilivyokwisha pangwa. Harufu ya karanga ilipojaa jikoni, Marcelline aliepua, akakunja mikono, akasimama kati ya karai na Hansaben mpaka unga ukawa vuguvugu. Ndipo akatia sukari na iliki. Ladu arobaini na moja, zote saizi moja, hakuna iliyopasuka.

Alipofungua kitambaa, midomo yake ilikuwa na alama nyekundu.

"Hansa," sauti ya dada ilitoka kwenye simu, "mwombe radhi."

Hansaben alifuta meza. "Kesho uje mapema, Marcelline. Kuna barfi za maziwa za kupika."

"Radhi iko wapi, madam?"

Hansaben aliendelea kufuta.

"Marcelline, njoo kwangu kesho," ikasema simu.

"Nitakuja. Ladu za kwangu utanipa?"

"Sahani nzima."

Marcelline alining'iniza aproni nyuma ya mlango, akaishusha tena, akaikunja na kuitia begini. Ilikuwa yake, aliishona mwenyewe. Bakiri alimsindikiza hadi getini.

"Pole, kaka. Umepata nyumba mbaya."

"Nimelipia mwezi."

Marcelline alicheka kwa hasira, akavuka barabara bila kutazama nyuma, huku akijisugua midomo kwa kiganja.