Kila Jibu Limezidi kwa Saba

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Mafumbo, mwalimu wa darasa la nne, anapitia karatasi moja kwa mara ya nne, jasho likimtoka. Saa mbili kamili mwalimu mkuu anataka majina kumi na mawili ya watoto wa darasa la mafumbo. Yeye anayo kumi na moja. Atakayekosa leo amekosa jumla, maana darasa la nne ndiyo nafasi ya mwisho.

Karatasi ni ya binti wa miaka tisa anayekaa dawati la nyuma. Amekosa maswali yote ishirini ya jaribio la hesabu la kuingia darasa hilo.

"Nilishalikata jina lake," anasema mwalimu huyo, mwenye wanafunzi sabini na wawili darasani. "Mara nikashtuka. Kila jibu limezidi lile sahihi kwa saba kamili. Yote ishirini! Huwezi kukosea hivyo kama hulijui jibu lenyewe."

Darasa la mafumbo ni stoo ya viti vibovu. Kila Alhamisi, watoto wanaomaliza kazi wenzao wakiwa bado wanachonga penseli hupewa humo mambo ya kuumiza kichwa: saa iliyokufa waifungue, daraja la vijiti libebe tofali.

Binti anaitwa. Anasimama mlangoni, macho chini.

"Mwanangu, umenichezea shere?"

Binti anavuta upindo wa sketi.

"Sina hasira. Niambie tu."

"Kaka alifaulu, Mwalimu. Mkampa madaftari ya darasa zima asahihishe. Kila siku. Mimi sitaki."

Aliyempa kaka madaftari hayo ni Mama Mafumbo mwenyewe. Kazi ilimwelemea, akaona mtoto mwepesi kakaa bure.

"Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke," anasimulia.

Zimebaki dakika sita.

"Ukiingia, hutagusa daftari la mtu. Na kaka yako anayaacha leo."

Binti anamtazama kama mteja anayekagua nyanya. "Na mkichoka?"

"Nikichoka, nitachoka nayo mwenyewe."

"Haya, niandikeni."

Wino haujakauka, mwalimu mkuu anabisha hodi.

Sasa Mama Mafumbo anataka kuomba darasa la tano nalo liruhusiwe stoo. Ameshafungua kabati lenye karatasi za miaka iliyopita, za watoto aliowakata. Wengine bado wanasoma hapo hapo, darasa la tano.

"Nazisoma upya zote," anasema, akipangusa vumbi. "Safari hii sitafuti waliopata. Natafuta waliokosa kwa makusudi."