Mtungi wa Mtani

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyovunja mtungi wa Bi Somoe kwa mchi. Nakusimulia leo kwa sababu umeipiga teke redio ya jirani yetu Babu Musa, eti kakucheka timu yako kufungwa. Kaa hapo. Futa kamasi.

Tulikuwa kijijini Mtua, kiangazi, wewe mgongoni hujaota hata jino. Nilikuwa nimenuna tangu asubuhi: hukulala, kuni mbichi, baba yako kajificha kwenye mikorosho. Natoka nje, jogoo wangu hayupo. Nachungulia kwa jirani, Bi Somoe anamnyonyoa huku anaimba.

"Mtani, umeamka?" akaniambia. "Niletee na chumvi."

Bi Somoe alikuwa mtani wa ukoo wetu. Mtani akichukua chako mchana kweupe huku anacheka, hajaiba. Nawe siku yako utachukua chake. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini nilikuwa na kidato cha nne kichwani, nikaona utani ni mambo ya kizamani. Nikarusha mchi. Nililenga mtungi wake wa maji, na kwa mara ya kwanza maishani nikapata shabaha. Maji yakatapakaa, bata wake wakaja kuoga.

Akaitwa mjomba wangu kutoka Narung'ombe, maana kwetu mjomba ndiye anayejibu makosa ya mpwa. Akasikiliza, akala paja la jogoo yule yule, akapangusa mdomo.

"Jogoo ni utani," akasema. "Mtungi ni hasira. Utani haulipwi. Hasira inalipwa."

"Nitamletea mpya, mjomba, yaishe."

"Mpya unanuka udongo, na mwenzio alikuwa anakunywa maji matamu. Utateka na kumwaga, utateka na kumwaga, mpaka mtungi uzoee. Wa kusema basi ni yeye."

Kisima kilikuwa mbali, na kwa kiangazi kile kilitoa tope zaidi kuliko maji. Kila alfajiri mimi na ndoo. Bi Somoe anaonja, anafumba macho. "Bado, mtani. Udongo." Kesho yake: "Leo afadhali. Lakini bado."

Hata siku moja nikawahi, nikamkuta anakunywa kata juu ya kata, anajisemea, "Maji haya, hata peponi!" Kuniona, akakohoa. "Bado kidogo, mtani."

Damu ikanipanda. Mchi ulikuwa pale pale ukutani. Nikautazama, nikautazama na mtungi, nikaikumbuka njia ya kisimani na visiki vyake vyote. Nikaweka ndoo chini taratibu. Nikamkamata bata wake mnono, nikambana kwapani.

"Mtani," nikamwambia, "chumvi ninayo."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Basi," akasema, "sasa yamekolea."

Usidhani nimelainika, mwanangu. Hasira ninazo, na leo umezichokoza. Lakini hasira hasara, na hasara ina mwenyewe: aliyerusha. Usilipe kitu tu, lipa na raha uliyomkatia mwenye nacho. Redio utaipeleka kwa fundi, na vibarua vya kupalilia ufuta ili umlipe utafanya wewe. Mpaka ipone, kila jioni utasikiliza taarifa ya habari hapa, kisha ukimbie ukamsimulie Babu Musa yote, hadi salamu za wasikilizaji. Akisema hukusimulia vizuri, unarudia.

Mungu akupe kifua kipana, mguu mzito kuinuka kupiga teke, na watani wasiokuchoka. Haya, nenda. Taarifa inaanza.