Pini za Hisae

Daktari akishakitoa kipande tumboni mwa mgonjwa, kipande hujikunja kama jani kavu la chai, na hapo hakuna anayekigusa ila nesi Hisae Nozato. Yeye ndiye hukikunjua juu ya ubao mdogo wa mpira, akakiwamba kwa pini nyembamba kama fundi anayewamba ngoma, ili watu wa maabara wazione kingo wajue ugonjwa umeisha au umebaki. Ana miaka hamsini na minne, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimalizia katika chumba kile cha kamera ya kuchungulia matumbo, kwenye mji wao mdogo mkoani Akita, Japani. Ni mfupi, na mdomo wake unachoma kuliko pini zake. Manesi wapya humwogopa. Madaktari wapya ndio zaidi.

"Daktari, unatetemeka au unacheza?" huwauliza.

Ana kinyongo kimoja tu maishani, amekilea vizuri kuliko watu wengine wanavyolea wanao. Kina jina: Daktari Kunizo Mabuchi, mpasuaji.

Mama yake Hisae, bibi Fumi, alikuwa mtu wa Akita hasa, mpenda figili za moshi na samaki wa chumvi. Miaka kumi na sita iliyopita kamera iliona doa ndani ya mfuko wake wa chakula. Saratani, lakini changa, ya juu juu, ukubwa wa punje ya soya. Daktari mmoja kijana aliyetoka Tokyo akasema hili halihitaji kupasua mtu. Unapitisha mpira wenye kamera mdomoni, unadunga maji chini ya doa, linainuka kama lengelenge, kisha unalizungushia kisu chenye kijitufe cha kauri nchani ili kisitoboe, unalimenya, basi. Mgonjwa anarudi kwake na mfuko wake.

Mabuchi, aliyekuwa mkubwa wa wapasuaji, alicheka mbele ya wote.

"Kumenya! Saratani ni kiazi?"

Hisae akathubutu. "Lakini Daktari, doa lenyewe dogo..."

"Wewe mama wa kuosha mipira, ndiwe utakayenifundisha tumbo?"

Bibi Fumi, aliyeinama mbele ya kila koti jeupe na hata kumletea Mabuchi figili zake, akatia sahihi apasuliwe.

Desturi ya huko ni kwamba mpasuaji akimaliza, huwaletea jamaa alichokitoa wakione. Mabuchi alitoka na sinia la chuma. Ndani yake, mfuko mzima wa mama wa mtu, na doa lile hata kulitafuta ni kazi.

"Huu hapa. Nimeutoa wote. Mtu anaishi bila huo." Akaenda zake kunywa chai.

Kuishi aliishi, miaka sita. Alikula mara sita kwa siku, kila mara chakula cha shomoro, na kila akimeza jasho lilimtoka na moyo ukamwenda mbio. Mwaka mpya wenzake wakila keki za mchele, yeye aligeukia dirisha akatazama theluji. Saratani haikurudi. Ilikuja homa ya mapafu, ikamkuta na kilo thelathini na nne, haikupata kazi.

"Usimseme daktari, Hisae," alimwambia karibu na mwisho. "Alijitahidi."

Hisae hakumsema. Alimwekea.

Februari hii Mabuchi akaja. Amestaafu siku nyingi, ana miaka sabini na minane, mkewe amekufa. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia imeshuka hadi nyusi, kama mtu aliyekwenda kununua kitu cha aibu. Doa limeonekana tumboni mwake. Chumba sasa ni cha Daktari Shiori Kamata, mwanamke wa miaka arobaini, mwanafunzi wa yule kijana wa Tokyo. Hisae alikuwa hapo na fomu mkononi.

"Mzee wangu, kuna njia mbili," Shiori alianza.

"Nazijua njia. Nataka ile ya kamera."

"Ya kumenya?" Hisae aliuliza, taratibu kabisa.

Mzee akamtazama. "Tumewahi kuonana?"

"Mimi huosha mipira tu, Daktari."

Hakumkumbuka! Hilo lilimchoma kuliko sinia. Akaendelea na fomu. "Jamaa wa kuonyeshwa kitakachotolewa?"

"Mwanangu ni mpasuaji Sendai. Asijue. Andika hakuna."

Jioni ile Hisae alipita kaburini, akafuta theluji kwenye jiwe kwa mkono mtupu. "Nimempata, Mama," akasema.

Siku ya kazi mzee alilazwa kwa ubavu, akatiwa usingizi, mpira mdomoni. Doa likadungwa, likainuka. Shiori akazungusha kisu robo tatu bila tatizo, kisha mshipa ukapasuka na damu ikaanza kujaza kioo. Kibano cha kuzibia mshipa kilikuwa tayari ndani. Daktari hukielekeza, lakini anayekifungua na kukifunga ni msaidizi. Msaidizi ni Hisae.

"Fungua." Akafungua.

"Funga."

Kidole hakikwenda. Pumzi moja. Mbili zaidi, na kamera isingeona kitu ila wekundu. Wapasuaji wangeitwa mbio, wangemfungua, na sinia lingetoka na mfuko mzima. Jicho kwa jicho. Lakini kisha? Angekuwa mgonjwa wa kuletewa maua na kuonewa huruma, au marehemu wa kusifiwa. Saratani ingelaumiwa, mzee angelala salama. Maiti haoni haya.

Hisae akafunga. Kibano kikauma mshipa, damu ikakauka.

"Dada Hisae, umechelewa," Shiori alisema bila kuinua macho.

"Kidole kilishikwa na baridi. Samahani, Daktari."

Mchana aliwamba kipande. Pini arobaini na moja. Hajawahi kuwamba kingine vizuri hivyo. Kingo zote safi.

Kesho yake asubuhi, kabla chupa yenye kipande na ubao wake haijapelekwa maabara, aliiweka kwenye sinia la chuma, akaenda nayo hadi kitandani.

"Desturi ni desturi, Daktari. Huna jamaa, utaona mwenyewe. Hiki hapa. Hatukuutoa wote."

Mzee alikitazama kipande kwenye pini zake, hakikuzidi sarafu. Akatazama sinia. Kisha uso wa Hisae.

"Bibi wa figili," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ni bintiye."

"Fumi Nozato."

"Doa lake... lilikuwa na ukubwa gani?"

"Nusu ya hili. Ulikuwa nalo kwenye sinia, hukulitazama."

Akafungua mdomo. Hisae akainua mkono. "Msamaha mwombe aliyekufa, mimi sikuuleta. Nimeleta ubao."

Siku iliyofuata uji mwembamba wa mchele uliruhusiwa. Hisae aliomba apeleke mwenyewe. Akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono. Mzee alimeza kijiko kimoja, kikashuka bila jasho wala moyo kwenda mbio. Akakiweka kijiko chini, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Siwezi," alisema.

Hisae akakichukua kijiko, akamrudishia mkononi.

"Kula, Daktari. Mfuko unao. Kula wote, nakutazama."